Boliti ya Chini: Mahubiri juu ya Kumbukumbu la Torati 22:8



Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, iko amri ndogo ambayo wasomaji wengi huipita upesi. Musa awaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengapo nyumba mpya, auzungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka kutoka juu na hatia ya damu ikaiangukia nyumba ile. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari tambarare, na watu walipanda juu yake kwa kazi na kwa kupumzika. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani, na Petro alipanda darini kuomba alipokuwa Yafa. Dari ilikuwa mahali pa watu, na kwa hiyo ilikuwa mahali pa hatari.

Tazameni jinsi amri hii ilivyo. Haisemi neno juu ya hekalu, wala juu ya sadaka, wala juu ya makuhani. Yasema juu ya kazi ya fundi. Ni kana kwamba Mungu aingia nyumbani mwa mtu, apanda ngazi, aitazama kazi ya mikono yake, kisha amwuliza: Mgeni wako akipita hapa gizani, atakuwa salama? Mwenye nyumba hawezi kujibu kwamba hakumsukuma mtu. Kama hakujenga ukingo, damu ni juu yake.

Nataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, maana kwa jambo hilo nalielewa amri hii kuliko nilivyoielewa miaka mingi kwa kuisoma.

Nina motokaa moja kuukuu, Toyota Corolla ya mwaka 1985. Nakaa milimani Usambara. Wanaoijua barabara itokayo Mombo kupanda Lushoto wajua ya kuwa ni mwendo wa kilomita 33 hivi, wenye kona nyingi, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Wakati wa masika utelezi ulinitupa mtaroni, motokaa ikagonga ukingo wa mawe, na kifua changu kikaupiga usukani kwa nguvu. Naona haya kusema kwamba siku hiyo sikuufunga mkanda. Nalidhani mbavu zangu zimevunjika, lakini baada ya siku chache maumivu yakanitoka. Ila usukani haukuwa kama zamani. Ulikuwa umesogea mbele, tena ulikuwa umelegea, ukichezacheza juu na chini mikononi mwangu.

Wasioijua kazi hii na waelewe. Usukani ule wa mviringo tuushikao umefungwa kwa nati juu ya mti wa chuma, na mti huo wapita ndani ya bomba lililoshikizwa kwa boliti chini ya dashibodi. Mti washuka mpaka karibu na sakafu, karibu na miguu ya dereva, na hapo waungana kwa kiungo na kile chombo chenye meno kinachoyasukuma magurudumu ya mbele kulia na kushoto. Mti na bomba lake, pamoja na kufuli ya ufunguo na swichi za taa, ndiyo nguzo ya usukani.

Zamani nguzo hiyo ilikuwa ngumu tangu juu hata chini. Motokaa ilipogonga kwa uso wake, nguzo ilirudi nyuma kama mkuki, ikamwumiza dereva kifuani, na wengi walikufa kwa pigo hilo. Ndipo mafundi wakabuni nguzo inayokubali kufupika. Mti wake ni wa vipande viwili, kimoja chaingia ndani ya kingine, navyo vimeshikwa pamoja kwa vijiti vidogo vya plastiki au kwa namna nyingine iliyo dhaifu makusudi. Kifua kikiupiga usukani, vijiti hukatika na nguzo hufupika, nayo huimeza sehemu ya nguvu ya pigo. Huko Marekani kampuni ya General Motors ilianza kuiweka katika motokaa zake za mwaka 1967, na tangu tarehe 1 Januari 1968 sheria ya nchi ile ikadai kwamba motokaa mpya zimlinde dereva na pigo la usukani.

Nguzo ya motokaa yangu ilikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa imefanya kazi yake. Walakini nguzo kama hiyo hufanya kazi yake mara moja tu; ikiisha kufupika hainyoshwi wala hairudishwi, haina budi kuondolewa na kutiwa nyingine.

Basi nalikwenda Tanga pamoja na mpwa wangu, kijana anayejifunza ufundi, tutafute nguzo iliyotolewa katika motokaa nyingine ya aina ile ile. Mwuza vipuri mmoja alituonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa na vumbi na bei yake ilikuwa kubwa. Ya pili ilikuwa rahisi, nayo iling'aa kwa rangi mpya. Macho yangu yaliipenda hiyo ya pili. Lakini mpwa wangu aliigeuza, akaikwaruza rangi kwa ukucha, akaona chini yake kovu la kuchomelea. Akaninong'oneza, "Mjomba, hii ilivunjika ikaungwa." Tukaiacha. Tukaikagua ile yenye vumbi: mti wake umenyoka, vijiti vyake vya plastiki havijakatika, kiungo chake hakichezi, na ufunguo wake wageuka vema. Tukainunua, tukarudi nayo nyumbani.

Jumamosi asubuhi tukaanza kazi mbele ya nyumba. Tuliisimamisha motokaa mahali tambarare, tukaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, na magurudumu ya mbele tukayaelekeza mbele sawasawa. Tukaondoa waya wa betri. Motokaa yangu ni ya zamani, haina mfuko wa hewa ndani ya usukani. Mwenye motokaa iliyo na mfuko huo asiiguse kazi hii nyumbani, bali ampelekee fundi aliyefundishwa, maana mfuko huo hufumka kwa kishindo, nao waweza kumjeruhi mtu vibaya.

Tukatoa kifuniko cha honi, tukaitia usukani na mti wake alama ya rangi ili tuvirudishe kama vilivyokuwa. Nati ya usukani tuliilegeza lakini hatukuitoa yote mpaka usukani ulipoachia, usije ukamrukia mtu usoni. Tena hatukupiga kwa nyundo, kwa sababu nyundo yaweza kuvikata vile vijiti vya plastiki, na nguzo ikaharibika kabla ya kutumika. Tukafungua nyaya za swichi, tukaifungua boliti ya kiungo cha chini, tukazifungua boliti zilizo chini ya dashibodi, nguzo ikatoka. Kisha tukaitia ile nyingine kwa kufuata njia ile ile tuliyojia.

Sasa nawaomba mwisikilize boliti hiyo ya kiungo cha chini, maana habari yote ni juu yake. Kiungo kina meno ndani, na mti una meno nje, vyaingiana. Boliti yapita kandokando na kukibana kiungo, tena yapita katika mfuo uliochongwa katika mti, ili kiungo kisiweze kupanda na kuchomoka. Ni boliti moja, si ndefu kuliko kidole. Iko gizani karibu na miguu, na kifuniko kikiisha kurudishwa haionekani tena.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Mpwa wangu alikuwa amelala chali sakafuni mwa motokaa, kichwa chake chini ya dashibodi. Akasema, "Mjomba, nishikie taa tena, nataka kuitazama boliti ya chini." Mimi nalikuwa na kikao na wazee wa kanisa saa tisa, na mikono yangu ilikuwa bado na grisi. Nikamjibu kwa ukali, "Kazi ya saa mbili waifanya siku nzima! Funga vifuniko, tutoke." Akanyamaza, akafunga vifuniko.

Jioni tuliizungusha motokaa mara tatu katika uwanja wa kanisa. Iligeuka vizuri kulia na kushoto, honi ililia, taa za kuonyesha njia ziliwaka na kuzimika zenyewe kama ipasavyo. Nikamshukuru Mungu mbele ya wazee, na katika shukrani ile nalichanganya majivuno kidogo.

Usiku ule, yapata saa tano, jirani yangu akabisha mlango. Akasema, "Baba Mchungaji, nisamehe kukuamsha. Mke wangu uchungu umemshika tangu magharibi, na mkunga asema haendelei vema, tumshushe hospitali." Nikachukua ufunguo. Nilipotoka nje nalimkuta mpwa wangu amesimama mlangoni pa motokaa, spana mkononi, na uso wake hauna damu. Akasema, "Mjomba, nisamehe. Boliti ya chini nakumbuka kuitia. Sikumbuki kuikaza."

Ndugu zangu, nawaambia kweli yaliyokuwa moyoni mwangu. Sikumshukuru. Nalikasirika. Mwanamke alikuwa akiugua ndani ya nyumba, mumewe amesimama akinitazama, na njia ilikuwa ndefu. Tena nalikuwa na hoja nzuri: jioni ile motokaa iligeuka vema uwanjani. Lakini kijana hakuondoka mlangoni. Basi tukaondoa kifuniko, nikajilaza mwenyewe sakafuni na taa, nikaigusa nati ya boliti ile. Ikazunguka kwa vidole viwili.

Mafundi wajua maana yake. Kiungo kilicholegea hushika kwa meno yake kwa muda, na uwanjani palipo tambarare dereva haoni tofauti. Lakini katika mteremko, kwa mtikisiko wa saa nzima, nati yatoka, boliti yaanguka, na kiungo chaweza kuchomoka. Hapo dereva auzungusha usukani kwa mikono yote miwili, na magurudumu hayasikii, yaenda yatakako. Nami nalikuwa tayari kushuka katika barabara ile yenye mabonde, nikiwa na mwanamke mwenye mimba nyuma yangu.

Tukaikaza. Tukaikagua kila boliti tuliyoigusa siku ile, tukauzungusha usukani mpaka mwisho wa kulia na mpaka mwisho wa kushoto, mara kadhaa. Kazi hiyo ilichukua robo saa, nayo kwa yule mume ilikuwa robo saa ya mateso. Kisha tukashuka polepole. Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, naye mama yake ni mzima. Siku zilipopita nalimweleza baba yake kisa chote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Dakika zile nalikuwa nikikulaumu moyoni, kumbe ndizo zilizotuvusha."

Wapendwa, katika jambo hili twajifunza mambo matatu.

Kwanza: Kazi isiyoonekana ni mbele za Mungu. Katika Katekisimo Ndogo aliyoiandika mwaka 1529, Martin Luther aifafanua Amri ya Tano, ile ikatazayo kuua, kwamba haitoshi tusimdhuru jirani katika mwili wake. Yatupasa kumsaidia na kumfaa katika mahitaji yote ya mwili. Nalifundisha neno hilo kwa wanafunzi wa kipaimara miaka mingi. Sikuwa nimefikiri ya kuwa Amri ya Tano yaweza kuwa chini ya dashibodi, gizani, katika nati moja. Mtu afanyaye kazi nyumbani kwake hana msimamizi wala mkaguzi. Hakuna aandikaye jina lake. Kwa hiyo imempasa ajiwekee ukingo mwenyewe. Tangu siku ile tumeweka desturi: aikazaye boliti aitia alama ya rangi nyeupe, na mtu wa pili aijaribu kwa spana, hata kama aliyeikaza ni fundi mkubwa. Hayo si kutoaminiana. Ni kumpenda yule atakayeketi ndani ya motokaa asijue lolote. Wewe uliye mpishi wa mkutano, wewe uwapaye wagonjwa dawa, wewe utunzaye hesabu ya sadaka, iko boliti ya chini katika kazi yako, nawe waijua.

Pili: Kinywa kilichofungwa kwa hofu ni hatari kwa watu wote. Kwa nini kijana yule hakusema mchana? Alitaka kusema. Aliniomba taa, nami nikamnyima. Nati ile haikulegezwa na uvivu wake, ililegezwa na ukali wangu. Enyi walimu na wainjilisti, litafakarini jambo hili. Mwanafunzi asiyethubutu kusema "sijaelewa" atabatizwa na swali lake moyoni, na swali hilo litamtoka njiani, katika mteremko, siku ya msiba au ya jaribu, wakati ambapo hatuko naye. Mke asiyeweza kumwambia mumewe "nina shaka", mtunza fedha asiyeweza kumwambia mchungaji wake "hesabu hii haikai sawa", hao wote wamelala chini ya dashibodi bila taa. Kumbukeni Naamani, jemadari wa Shamu. Aliyemfungulia njia ya kupona alikuwa kijakazi mateka, na waliomzuia asirudi kwao kwa hasira walikuwa watumishi wake. Kama nyumbani mwake mdogo asingeweza kusema, angalikufa na ukoma wake. Mpwa wangu aliniogopa mchana, lakini usiku alimwogopa Mungu kuliko alivyoniogopa mimi, na kwa hiyo watu watano wako hai. Jumapili ile, baada ya ibada, nalimwomba radhi mbele ya jamaa zetu. Haikuwa rahisi. Lakini naliona haifai kukemea hadharani na kutubu mafichoni.

Tatu: Mungu hatengenezi kwa rangi. Ile nguzo ya bei rahisi ilikuwa na kovu chini ya rangi, na macho yangu yaliipenda. Ndivyo tupendavyo kuzitengeneza nafsi zetu: twaziba ufa kwa sala ndefu na kwa vazi safi, nasi twatumaini hakuna atakayetukwaruza kwa ukucha. Mungu alimwambia nabii Ezekieli, katika sura ya 36, ya kuwa atawapa watu wake moyo mpya. Autoa ule wa jiwe, haupaki chokaa.

Na ile nguzo ya kale, iliyofupika, bado naiweka katika ghala yangu. Wengine waniuliza kwa nini siitupi. Naiweka kwa sababu ilivunjika ili kifua changu kisivunjike. Nijuapo kwamba mfano si Injili, sitaki kuuvuta mbali: chuma kile hakikunipenda, wala hakikujua kwamba nalikuwa mzembe nisiyefunga mkanda. Lakini kila niionapo namkumbuka yeye ambaye Isaya amwandika katika sura ya 53, aliyepigwa kwa makosa yasiyo yake. Yeye alijua. Aliujua uzembe wangu, na majivuno yangu uwanjani, na ukali wangu kwa kijana, naye alisimama kati yangu na pigo kwa kupenda kwake. Nguzo yangu ilitakiwa ibadilishwe, maana nguvu yake iliisha kwa pigo moja. Yeye alikufa mara moja, akafufuka, wala hahitaji kubadilishwa milele.

Basi hatukazi boliti ili tuokolewe. Tumekwisha kuokolewa kwa neema, kwa imani, bila kazi ya mikono yetu. Twazikaza kwa ajili ya mwanamke aliye nyuma yetu usiku, na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mungu hana haja na kazi yetu njema. Jirani anayo haja.

Nanyi mnaosoma maneno haya, kabla hamjaliweka gazeti chini, jiulizeni: Katika kazi niliyoimaliza juma hili, ni jambo gani nalikumbuka kulitia, wala sikumbuki kulikaza? Kama liko, inukeni mkalitazame. Msiogope kwamba watu wanangoja. Na kama yuko mdogo wenu aliyenyamaza kwa sababu yenu, mwiteni, mmshikie taa.

Na tuombe: Ee Bwana Mungu wetu, wewe uonaye kazi zilizo gizani, utusamehe tuliyoyafanya kwa haraka na kwa kiburi. Uwalinde wote wasafirio usiku huu katika barabara za milimani, na mafundi waliotengeneza vyombo vyao. Utupe masikio ya kuwasikia wadogo, na mikono yenye uaminifu, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.